Kidole, Tarakimu na Sahihi

Lipo neno moja ambalo siku hizi halitulii katika mitaa ya mashariki ya Nairobi. Ukiifuata barabara ya Jogoo kutoka mjini, ukapita Kaloleni, Bahati, Maringo, Jericho na Buru Buru mpaka ukafika Umoja na Kayole, utalikuta limeandikwa juu ya milango ya wapiga picha, ya vinyozi na ya mafundi wa simu. Neno lenyewe ni dijitali. Kinyozi aliyejiita wa dijitali ana mashine kama ya jirani yake, na kioo chake kina ufa kama cha jirani yake. Walakini ametwaa jina hilo kwa sababu katika masikio ya watu lina maana ya upya, wepesi na ujanja wa mjini. Katika kampeni za uchaguzi wa mwaka 2013 wagombea wa upande mmoja, Uhuru Kenyatta na William Ruto, walijiita watu wa dijitali, na wapinzani wao waliowazidi umri wakaitwa watu wa analojia. Uchaguzi ukapita, jina likabaki. Mtoto aliyefundishwa na babu yake kufunga kamba za viatu aweza leo kumwambia babu huyo kwamba yeye ni analojia, na waliopo wakacheka, na babu naye akacheka ili asionekane amechukia.

Nataka tuulize, msomaji, neno hili limetoka wapi na limebeba nini. Labda utasema kwamba asili ya maneno ni kazi ya wataalamu wa lugha, na kwamba kijana mwenye mtihani mbele yake ana mambo mengine ya kushughulikia. Nami nakiri kwamba maneno mengi twaweza kuyatumia maisha yetu yote bila kujua yalikozaliwa, na hatupati hasara. Hili silo mojawapo. Ndani yake mna swali juu ya wajibu wa mtu kwa maneno yake mwenyewe, nalo latuhusu kila tunaposhika simu.

Sisi tulilipokea neno hilo kutoka kwa Waingereza bila kuufungua mzigo wake. Yafaa basi twende kwa watu ambao wamegombana juu yake, maana watu wakigombania kitu hukigeuza pande zote. Hao ni Wafaransa. Katika lugha yao yapo maneno mawili, na kila moja lina watetezi wake. La kwanza ni digital, la pili ni numérique. Wauzaji wa bidhaa na watu wa matangazo hupenda la kwanza, kwa kuwa lina harufu ya Marekani. Akademia ya Kifaransa, baraza lililoanzishwa mwaka 1635 kuilinda lugha hiyo, huwaonya kwamba katika Kifaransa digital maana yake ni kitu cha vidole, na kwamba kila kinachohusu mashine za kisasa chapaswa kuitwa numérique, yaani cha tarakimu. Na kweli Mfaransa aliyesema juu ya alama za digital tangu zamani alikuwa akisema juu ya alama za vidole ambazo polisi huzitafuta juu ya bilauri ya mwizi.

Maneno yote mawili yana mama mmoja, Kilatini. Digitus ni kidole. Numerus ni hesabu. Tabibu wa Kijerumani, Leonhart Fuchs, mwaka 1542 alilipa mmea mmoja wa Ulaya jina la digitalis kwa kuwa ua lake lafanana na kastabani ya mshonaji, ile kofia ya chuma avaayo kidoleni asichomwe na sindano. Kutoka mmea huo hupatikana dawa ya moyo, ambayo ikizidi kipimo huua. Nimelitaja hilo kwa kupita tu, ingawa mwenye kupenda mafumbo angeweza kukaa hapo mchana kutwa.

Je, kidole kiligeukaje kuwa tarakimu? Jibu unalo mkononi mwako. Mwanadamu alianza kuhesabu kwa vidole, na Waingereza wakaziita tarakimu zilizo chini ya kumi kwa jina la vidole. Kisha mwaka 1942, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mwanahisabati wa Marekani aliyeitwa George Stibitz alikuwa akichunguza vifaa vya kuelekezea mizinga ya kutungulia ndege. Vifaa vingine vilipima kwa ulinganifu, kama vile mkono wa saa unavyotambaa sawasawa na wakati. Vingine vilihesabu kwa tarakimu moja moja, kama mtu akunjaye kidole baada ya kidole. Hivyo vya pili ndivyo alivyopendekeza viitwe digital. Na vile vya kwanza ni analojia, neno la Kigiriki lenye maana ya uwiano, kitu kwenda sawa na kipimo chake. Ukimwita babu yako analojia, basi, umesema kwamba ni mtu aendaye kwa kipimo. Sidhani kama ndivyo ulivyokusudia.

Kabla hatujawacheka Wafaransa na ugomvi wao, tutazame nyumbani. Hesabu zetu wenyewe zina historia ya mkono ndani yake. Moja, mbili, tatu, nne na tano ni maneno ya Kibantu: vidole vya mkono mmoja tulijitosheleza. Sita na saba tukazipokea kwa Waarabu. Nane ni yetu, tisa ni ya Waarabu, kumi ni yetu tena. Tarakimu nalo ni neno la Kiarabu, na Waarabu wa leo wakitaja mambo ya dijitali hutumia neno la shina lilo hilo. Hata sifuri yetu ni ndugu wa Kifaransa. Waarabu walisema sifr, maana yake kitupu. Wazungu walipojifunza hesabu hizo walilichukua neno, na kwa njia mbili tofauti Wafaransa wakapata zéro na chiffre, hili la pili likiwa ndilo jina lao la tarakimu. Mwanafunzi wa Mombasa na mwanafunzi wa Paris wanapoandika sifuri, wamekwenda kuteka kisima kimoja. Na tulipounda neno tarakilishi kwa ajili ya kompyuta, ambalo ndani yake twaisikia tarakimu, tulichagua njia ile ile ambayo Akademia yao huipenda, ingawa barabarani watu wameshika kompyuta na dijitali.

Mimi sina ugomvi na watu wa barabarani. Mtaa wa Kariokor uliitwa hivyo kwa sababu ya kile kikosi cha wapagazi cha Waingereza katika Vita vya Kwanza, ambacho jina lake la Kiingereza watu walilitafuna mpaka likawa laini kinywani mwao. Dar es Salaam likatoka Kariakoo. Hakuna aliyeomba ruhusa ya baraza lolote. Neno likishapata kitanda na jiko katika nyumba ya watu, ni la nyumba hiyo. Wala sitaki tuseme kitarakimu ili tuonekane wasomi. Ninalotaka ni kwamba tukisema dijitali tukumbuke ya kuwa ndani ya neno hilo wamelala wawili, kidole na tarakimu, na kwamba hawa wawili hawapendani sana.

Tarakimu kwanza. Chukua jina la Juma. Ukiliandika kwa kalamu juu ya karatasi, mkono wako waonekana ndani yake: kama ulikuwa na haraka, kama ulikuwa na hasira, kama mkono ulitetemeka. Ukiliandika kwenye simu, simu hailijui jina la Juma. Yenyewe yajua 74, 117, 109 na 97, kwa mujibu wa orodha ya namba za herufi waliyoianza Wamarekani mwaka 1963, ambayo ingali msingi wa mashine hizi; na namba hizo nazo huvunjwa zikawa mfululizo wa moja na sifuri. Neno la mapenzi na neno la matusi hupita katika waya mmoja kwa namna moja. Tena namba huigwa bila kuchoka na bila kuchakaa. Aliyenakili barua kwa mkono mara 10 alichoka, na katika kuchoka kwake alipata nafasi ya kufikiri kama barua hiyo ilistahili kunakiliwa. Ukinakili ujumbe mara 200 kwa kugusa kioo mara moja, hukuchoka hata kidogo, na nafasi ya kufikiri hukuipata.

Hapo ndipo linapozaliwa neno ninalolisikia mara kwa mara kutoka kwa vijana, na kwa watu wazima pia: "Mimi nimesambaza tu." Kusambaza ni neno letu la kale, kitu chochote kitawanywacho huku na huku husambazwa. Kampuni ya simu ikaliteua kwa huduma ya kumgawia mwenzako muda wa maongezi, na tendo hilo ni jema. Sasa limepata kazi ya tatu, kazi ya utetezi. Nitazame hasa kile kijineno cha mwisho, "tu". Ndicho kinachobeba utetezi wote.

Kumbuka mambo ya mwisho wa mwaka 2007. Uchaguzi ulifanyika tarehe 27 Desemba. Matokeo yakatangazwa tarehe 30. Na katika wiki zilizofuata, mpaka mapatano yalipotiwa sahihi tarehe 28 Februari 2008, zaidi ya watu 1,100 walikufa. Mitaa ya mashariki ya Nairobi haikusalimika. Mathare, Huruma na Kariobangi walijua moshi wa nyumba zao. Katika siku hizo simu zilijaa jumbe fupi. Nyingine ziliita kabila fulani kwa majina ya wadudu na magugu. Nyingine zilitangaza shambulio litakalokuja usiku, ili wapokeaji washambulie kwanza. Baadaye katika mwaka huo Bunge likatunga Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, yenye adhabu kwa mwenye kueneza chuki za kikabila. Lakini mimi sisemi sasa juu ya adhabu. Nauliza: ujumbe wa namna ile ulioandikwa na mtu mmoja ukasomwa na watu elfu, ni wa nani?

Msambazaji ana hoja, na haifai tuzipuuze. Hoja ya kwanza ni kwamba maneno si yake. Yeye ni kama tarishi. Hoja hii naiona dhaifu. Tarishi huchukua bahasha iliyofungwa. Hajui kilichomo, wala si yeye amchaguaye mpokeaji. Wewe uliufungua ujumbe, ukausoma, ukawateua utakaowapelekea. Umefanya kazi tatu ambazo tarishi hakufanya hata moja.

Hoja ya pili ni kwamba ujumbe ungefika tu, hata kama yeye angejizuia. Kidole kimoja hakivunji chawa. Methali hii waliitunga watu waliojua kwamba tendo kubwa lahitaji vidole vingi, na walitaka kumhimiza kila mtu alete chake. Msambazaji ameigeuza ili kila mtu ajitoe. Na hesabu yenyewe siku hizi imebadilika. Kidole kimoja juu ya kioo, kikielekea kundi la watu 200, kinavunja zaidi ya chawa.

Hoja ya tatu ndiyo nzito, na imewahi kunikosesha majibu mbele ya wanachuo wangu. Msambazaji asema: "Niliogopa. Niliambiwa watu wanakuja kuwachoma ndugu zangu. Je, ningenyamaza?" Hapa hatuna mtu mwovu. Tuna mtu mwenye hofu anayewapenda wenzake, na tahadhari ya kweli huokoa roho. Hata hivyo yako maswali mawili ambayo hata mwenye hofu aweza kujiuliza katika muda wa pumzi tatu. La kwanza: katika haya, niliyoyaona mwenyewe ni yapi? La pili: ikiwa ni uongo, atakayeumia ni nani, mimi au mwingine? Kumwambia dada yako afunge mlango usiku, ikiwa habari ni uongo, hasara ni usingizi wake. Kuwaambia vijana wa mtaa kwamba jirani fulani anaficha silaha, ikiwa ni uongo, hasara ni jirani. Tahadhari ambayo gharama yake yote hulipwa na mtu mwingine yafaa ishukiwe hata na yule aitoaye kwa moyo safi.

Kiswahili kina neno ambalo Wafaransa wangetuonea wivu. Neno hilo ni sahihi. Jambo sahihi ni jambo la kweli, lisilo na kasoro. Na sahihi ya mtu ni jina lake aliloliandika kwa mkono wake chini ya karatasi. Neno ni moja. Wazee wetu waliolipokea kwa Waarabu hawakuona haja ya kuyatenganisha mambo hayo mawili: anayetia sahihi anasema kwamba yaliyo juu yake ni sahihi, na kwamba akikutwa mwongo, yeye yupo. Asiyejua kuandika alitia dole gumba, nalo lilikuwa na nguvu ile ile. Ujumbe ambao hakuna aliyeutia sahihi una upungufu wa namna mbili kwa neno moja.

Ningependa insha iishie hapo, maana ingekuwa rahisi: kila mtu atie kidole chake chini ya maneno yake, na uongo utapungua. Walakini historia ya mitaa hii hairuhusu urahisi huo, kwani hapa kidole kina historia yake chungu.

Kwa sheria iliyotungwa mwaka 1915 na kuanza kutumika baada ya vita, kila mwanamume Mwafrika katika Kenya aliyetimia miaka 16 alilazimishwa kuchukua kipande. Kilikuwa na jina lake, waajiri wake, na alama za vidole vyake. Kikatiwa katika kibweta cha chuma, na watu wengi wakakining'iniza shingoni. Mfanyakazi aliyeacha kazi bila ruhusa ya bwana wake aliweza kufuatwa na kukamatwa kwa alama hizo. Miongoni mwa malalamiko ya Harry Thuku na wenzake yalikuwamo hayo ya kipande. Thuku alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye umati uliokusanyika mbele ya kituo cha polisi Nairobi ulipigwa risasi, wakafa watu 21 kwa hesabu ya serikali, na zaidi ya hao kwa hesabu za wengine. Miongoni mwao alikuwamo Mary Muthoni Nyanjiru. Mwaka 1947 ilipotungwa sheria ya kuwaandikisha watu wa rangi zote kwa alama za vidole, Wazungu wengi waliipinga kwa ukali, wakiona ni fedheha. Jambo ambalo Mwafrika alikuwa amelibeba shingoni kwa miaka zaidi ya 25 lilijulikana kuwa fedheha siku lilipowafikia wao.

Kwa hiyo mtu wa Shauri Moyo au wa Pumwani akiambiwa "tia kidole," ana haki ya kuuliza, "Kwa ajili ya nani?" Swali hilo halikufa na ukoloni. Mwaka 2019 serikali ilipoandikisha watu kwa Huduma Namba, na vidole vikachukuliwa tena, wapo waliokwenda mahakamani. Na Januari 2020 Mahakama Kuu ikaamuru kwamba mpango huo usiendelee mpaka pawepo kanuni za kutosha. Tazama jina lenyewe: zamani kipande, sasa namba. Kidole na tarakimu wamekutana tena, na safari hii wamekaa upande mmoja wa meza.

Tena liko jambo la pili linaloitatiza ile fikra ya sahihi. Januari 2008, moto ukiwa bado unawaka, Wakenya wachache wenye ujuzi wa mitambo, akiwamo mwanasheria Ory Okolloh, walitengeneza mahali ambapo mtu yeyote aliweza kutuma habari ya ghasia aliyoiona, kwa simu au kwa kompyuta, na habari hiyo ikaonekana juu ya ramani. Wakapaita Ushahidi. Wengi wa waliotuma hawakutaja majina, nao walikuwa na sababu: waliowataja wangeweza kuwaua. Hapa tuna maneno yasiyo na sahihi, na ndiyo yaliyokuwa karibu zaidi na ukweli kuliko hotuba nyingi zilizosomwa na wenye majina makubwa. Miaka miwili baadaye, Haiti ilipopigwa na tetemeko la ardhi tarehe 12 Januari 2010, mtambo ule ule ulitumiwa kukusanya jumbe za watu waliofukiwa na waliopotelewa; na watu wa nchi ambayo Kifaransa ni mojawapo ya lugha zake wakajifunza neno la Kiswahili kwa ajili ya jambo la dijitali. Wafaransa na Akademia yao hawakupata nafasi ya kulijadili.

Basi tunasemaje? Msambazaji wa chuki anaficha kidole chake, na shahidi anaficha kidole chake. Mashine haiwezi kuwatofautisha. Kwa mashine wote wawili ni namba. Mimi nawatofautisha kwa kutazama wanamficha nani. Shahidi anakificha kidole mbele ya mwenye nguvu ya kukivunja. Msambazaji anakificha mbele ya yule anayemdhuru, ambaye hana nguvu, na ambaye angalikuwa na haki ya kumwendea akamwuliza, "Ndugu yangu, uliyaona wapi haya?" Siwezi kukuahidi kwamba kipimo hiki kitakutosha kila mahali. Yuko mnyonge mwenye kusema uongo juu ya mkubwa, na huyo amejificha mbele ya mwenye nguvu, lakini hasemi kweli. Ndiyo maana nasema kwamba jina laweza kufichwa, ila swali lile la kwanza, "niliyoyaona mwenyewe ni yapi?", halina mahali pa kufichwa. Aliyefunika jina lake amejiongezea mzigo wa ukweli, kwa kuwa msikilizaji hana kitu kingine cha kumpima.

Namjua mama mmoja wa Makadara ambaye ni mweka hazina wa chama cha akina mama 14. Hutunza daftari la mistari kwa kalamu ya wino. Kila mwanachama alipapo, hutia dole gumba au jina mbele ya macho ya wenzake. Wajukuu walimwambia kwamba mambo hayo ni analojia, wakamwekea hesabu zote katika simu. Naye anaitumia simu kweli. Fedha zenyewe hupita humo, kama zinavyopita kwa karibu kila mtu katika Kenya tangu mwaka 2007. Lakini daftari hakuliacha. Alipoulizwa sababu alisema kwamba simu humwonyesha kiasi kilicholipwa, na daftari humwonyesha aliyelipa. Wajukuu walimweleza kwamba simu nayo huonyesha jina. Akajibu kwamba jina la mwenye laini si lazima liwe la mwenye fedha. Ameona mume akilipa kwa laini ya mke na mtoto akitumwa na mama. Nadhani huyu ameyaelewa maneno ya Wafaransa kuliko watu wengi waliosoma Kifaransa.

Hata kidole nacho, cha nyama na damu, hakitoshi peke yake mbele ya mashine. Wenye kufua vyuma kule Kamukunji, wenye kuchanganya saruji na wenye kufua nguo za watu kwa miaka mingi, mistari ya vidole vyao huchakaa, na kifaa cha kusoma vidole hukataa kuwatambua. Kazi yenyewe imekifuta kitambulisho. Tarehe 4 Machi 2013, siku ya uchaguzi ule ule wa dijitali na analojia, vifaa hivyo vilishindwa kufanya kazi katika vituo vingi vya kupigia kura, kwa wenye vidole laini na kwa wenye vidole vigumu. Makarani wakarudia madaftari yaliyopigwa chapa. Wazee na vijana wakasimama katika foleni moja chini ya jua, kila mmoja akisogea mbele na kitambulisho chake, na karani akipitisha kidole juu ya orodha ya majina, akishuka mstari kwa mstari mpaka alione.